Mchelea Mwana Kulia



Wapendwa taifa la Mungu, wana wa parokia yetu,

Juma lililopita, baada ya Misa ya pili, ndugu watatu walinijia ofisini. Walikuja kwa heshima, nami nawashukuru, kwa sababu walinena mbele yangu yale ambayo wengine huyanena njiani. Ombi lao kwa ufupi lilikuwa hili: Padre, mahubiri yako yamekuwa mazito. Watu wanatoka katika juma la taabu, wana ada za shule, madeni na wagonjwa. Wanakuja kanisani ili wafarijiwe, nawe unawaongezea mzigo. Wakaniambia pia kwamba kuna mahali, si mbali na hapa, ambapo watu huingia wakilia na kutoka wakicheza, na kwamba baadhi ya vijana wetu wamekwisha kuzoea kwenda huko Jumatano jioni. Tukiendelea hivi, walisema, tutabaki na wazee.

Niliwasikiliza, tukanywa chai, nikawaahidi jibu. Nimeona afadhali nilitoe kwa wote, kwa maana najua kwamba hao watatu walitumwa na wengi. Nasema waziwazi tangu mwanzo: ombi la kuwapunguzia ninyi Injili nalikataa. Nalikataa kwa sababu nawapenda, na nitajitahidi kueleza.

Wazee wetu walisema kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Mzazi anayeogopa machozi ya mtoto leo, akampa kila anachokililia, atakuja kulia mwenyewe kesho mtoto atakapokuwa mtu mzima asiyewezekana. Hakuna kati yetu asiyeijua familia ya namna hiyo. Twamlaumu baba yule, twamlaumu mama yule, twasema hawakumpenda mtoto wao kweli. Lakini tukifika kanisani twamtaka Mungu awe mzazi wa aina ileile tunayoilaumu mitaani: asitukatalie kitu, asituonye, asituache tulie hata kidogo. Na akitukatalia, twahama.

Katika Dominika ya 21 ya Mwaka C, Kanisa hutusomea sehemu ya sura ya 12 ya Waraka kwa Waebrania. Wakristo walioandikiwa barua ile hawakuwa watu wa starehe. Sura ya 10 inatukumbusha kwamba walikuwa wamekwisha kutukanwa hadharani na kunyang'anywa mali zao. Mchungaji anayependa kupendwa angewaandikia pole peke yake. Mwandishi yule anawaambia neno jingine: wayapokee mapito yao kama mwana anavyoyapokea malezi ya baba yake, kwa kuwa mtoto asiyeonywa na yeyote ni mtoto asiye na mwenyewe.

Neno la Kigiriki analolitumia ni paideia. Seminarini tulifundishwa kwamba neno hilo ni pana kuliko adhabu. Ni kazi nzima ya kumlea mtoto mpaka awe mtu mzima: kumfundisha, kumzoeza, kumkataza, kumsahihisha. Biblia zetu za Kiswahili hutumia kwa kazi hiyo kitenzi "kurudi". Vijana wa leo hulisikia neno hilo wakadhani ni kurejea tu; lakini wazee husema kumrudi mtoto, maana yake kumwonya na kumwadibisha. Mimi naona maana hizo mbili zinakaa nyumba moja. Baba humrudi mwana ili mwana arudi.

Baada ya kusema hayo, yanipasa kupambana na makosa mawili. Moja liko nje na limeanza kuingia ndani. La pili limo ndani siku zote.

Kosa la kwanza ni lile fundisho liitwalo injili ya mafanikio. Sisemi juu ya ndugu zetu wote wa madhehebu mengine. Wengi wao wanaishi Injili kwa bidii inayotuaibisha sisi. Nasema juu ya fundisho moja, lililopata umbo lake Marekani katika karne ya 20 na kuenea Afrika kwa mikutano ya hadhara, redio na televisheni. Linasema kwamba ukiamini kwa dhati na ukapanda mbegu ya fedha, Mungu atakupa afya, mume, kiwanja na gari, na asipokupa, kasoro ni ya imani yako. Mungu katika fundisho hilo ni mtumishi anayelipwa kabla ya kazi.

Nawauliza wanaolipenda fundisho hilo: Mtume Paulo anawaandikia Wakorinto kwamba aliomba mara 3 aondolewe mwiba uliomtesa, na Bwana akakataa kumwondolea, akimpa neema badala yake. Je, Paulo alipungukiwa imani? Bwana wetu mwenyewe aliomba bustanini Gethsemane kikombe kimwepuke, na kikombe hakikumwepuka. Je, naye alikosa kupanda mbegu?

Mimi nimeona mwisho wa fundisho hili. Nilikaa kando ya kitanda cha mama mmoja aliyekuwa akifa kwa saratani. Alikuwa ameacha kliniki kwa miezi kadhaa kwa sababu aliambiwa kwamba kuendelea na dawa ni kumwonyesha Mungu mashaka. Aliporejea hospitali, waganga hawakuwa tena na la kufanya. Maumivu yake yalikuwa makali, lakini lililomliza zaidi lilikuwa swali aliloniuliza kwa sauti ndogo: Padre, ni wapi nilipopungukiwa imani? Walimwahidi faraja, wakamwachia hatia. Nilimpa Mpako wa Wagonjwa, nikamshika mkono, nikamwambia kwamba Yesu aliye Msalabani hakumkosea Baba yake imani. Tangu siku ile siwezi kuliita fundisho hilo furaha.

Lakini tusiwanyoshee wengine kidole tukadhani mikono yetu ni safi. Kuna Wakatoliki wanaovaa rozari shingoni kama hirizi na hawajui kuisali. Kuna wanaoleta nia za Misa kama mtu anayelipa bili. Kuna ujumbe wa simu unaozunguka katika jumuiya zetu, unaosema sala hii isambaze kwa watu kadhaa kabla ya usiku wa manane utapata muujiza, ukiipuuza utapata msiba. Naomba ujumbe huo ukikufikia ufe mikononi mwako. Ni injili ya mafanikio ileile, imevikwa kanzu ya Kikatoliki.

Kosa la pili linafanana na ukali mtakatifu, na ndiyo maana ni la hatari. Ni kuona adhabu ya Mungu katika kila balaa, hasa balaa la jirani. Mtoto amezaliwa na ulemavu, watu wananong'ona. Nyumba imeungua, wanajumuiya wanakwenda kutoa pole na njiani wanahesabu dhambi za mwenye nyumba. Mama amefiwa na watoto wawili, shangazi wa kanisani anamwambia ajichunguze.

Bwana Yesu alikwisha kulikemea jambo hili. Katika sura ya 13 ya Injili ya Luka anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, naye anakana kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakaaji wengine wa Yerusalemu. Katika sura ya 9 ya Yohane anawakatalia wanafunzi wake walipotaka kujua ni dhambi ya nani iliyomfanya kipofu azaliwe hivyo. Na rafiki zake Ayubu, waliotetea adhabu ya Mungu kwa hotuba ndefu, mwishoni Mungu mwenyewe aliwakasirikia. Mwogopeni mtu anayejua kwa hakika kwa nini mwenzake anateseka.

Na hapa nawasihi mnisikie vema. Hakuna mume atakayetumia mahubiri yangu kuhalalisha mkono wake. Mwanamke anayepigwa nyumbani asiambiwe abebe msalaba wake na kunyamaza. Msalaba wa Bwana haukuwa ruhusa kwa askari waliompiga. Mama huyo asaidiwe kupata usalama, na mlango wa nyumba ya mapadre uko wazi kwake. Mtoto naye harudiwi kwa kuumizwa. Mgonjwa apelekwe hospitali, mwenye njaa alishwe, aliyedhulumiwa atetewe. Maumivu tunayoweza kuyaondoa Mungu anatutaka tuyaondoe. Tukiyaacha kwa jina la nidhamu ya Mungu, ni uvivu wetu tunaoupaka majivu.

Sasa mtaniuliza: kama Mungu si mgawa starehe, wala si mwenye kutupiga kwa misiba, basi huturudi kwa namna gani?

Tazameni mashamba yetu. Kila mkulima wa kahawa hapa anajua kwamba mkahawa usiopogolewa hupendeza sana. Huwa na majani mengi, matawi yamesongamana, kivuli kizuri. Msimu ukifika, punje ni chache na ndogo. Anayepogoa huchukua kisu na kukata hata matawi mabichi, na mgeni wa mjini akipita anaweza kudhani mwenye shamba ana hasira. Bwana wetu alitumia mfano wa mzabibu, nasi tunao mkahawa. Katika sura ya 15 ya Yohane, linalosafishwa ni tawi linalozaa. Kisu hakigusi tawi kwa sababu limechukiwa.

Kisu hicho cha Mungu kwa kawaida hakiji kwa ngurumo. Huja kwa Neno linalosomwa Dominika na kukugusa palepale ulipotaka pasiguswe. Huja kwa dhamiri isiyokuacha ulale. Huja kwa amri ya Kanisa inayokukatalia jambo ulilokwisha kuamua. Huja kwa matokeo ya makosa yako mwenyewe, ambayo Mungu hakuyafuta haraka. Na mara nyingi, kuliko tunavyopenda, huja kwa kinywa cha mtu mwingine.

Niwasimulie la kwangu, maana haifai padre awahubirie wengine kisu ambacho yeye hakijui.

Mwaka wa pili wa upadre wangu nilikuwa paroko msaidizi katika parokia moja ya tambarare, mbali na migomba ya kwetu. Sikupenda kupangiwa huko. Usiku mmoja wa masika, saa tatu zimekwisha kupita, alifika kijana kutoka kigango cha mbali, amelowa mwili mzima, akaniambia kwamba mzee mmoja amezidiwa na anaomba Sakramenti. Zilikuwa kilomita 14 za tope, na taa ya pikipiki ya parokia ilikuwa mbovu. Nilimwambia kijana alale, tutaondoka alfajiri. Moyoni nilijieleza vizuri sana: usalama, tope, taa. Ukweli ni kwamba kitanda changu kilikuwa na joto. Kijana hakulala, alirudi kwao usiku uleule kwa miguu. Nilipofika asubuhi saa moja, nilikuta turubai limekwisha kufungwa uani.

Katekista wa kigango kile alikuwa mzee aliyesoma mpaka darasa la saba. Hakunisema mbele ya watu. Baada ya mazishi alinivuta kando, chini ya mwembe, akaniambia maneno machache: "Padre, marehemu aliuliza mpaka mwisho kama mlio wa pikipiki umesikika. Tulimwambia unakuja. Tafadhali Padre, usitufanye waongo tena."

Nilikasirika. Nilikuwa na shahada na miaka mingi ya seminari, naye alikuwa mkulima wa mtama. Kwa siku kadhaa sikutaka kumwona. Nilitunga majibu mengi kitandani, na kila jibu lilikuwa refu kuliko lililotangulia. Mwishowe nilikwenda kwa padre mzee wa parokia ya jirani nikapokea Sakramenti ya Kitubio, kisha nikaenda kumwomba radhi katekista na familia ya marehemu. Taa ya pikipiki ilitengenezwa siku iliyofuata. Ilikuwa kazi ya nusu saa.

Mungu hakumwua mzee yule ili anifundishe mimi. Mungu hatumii uhai wa mwanawe mmoja kumfunza mwingine. Lakini hakuniacha nilale katika uongo wangu. Alimtuma katekista. Kama mzee yule angenibembeleza, akaniambia hapana neno Padre, mvua ilikuwa kubwa, ningefarijika, nami leo ningekuwa padre wa aina nisiyopenda kuifikiria. Yeye alinipenda kuliko wote walionisifu mwaka ule. Ndiyo maana, ndugu zangu, nikiombwa niwabembeleze, namkumbuka.

Tazameni jinsi Mama Kanisa alivyo mpole kwetu. Babu zetu walifunga tangu usiku wa manane kabla ya Komunyo, wakatembea kwa miguu mpaka misioni na tumbo tupu. Mwaka 1957 Papa Pio XII aliufanya mfungo huo uwe wa saa 3, na mwaka 1964 Papa Paulo VI akaufanya saa 1. Mwaka 1966 Papa huyohuyo alipunguza pia siku za lazima za kufunga, akitaka toba itoke zaidi katika mapenzi yetu kuliko katika woga wa sheria. Leo siku za mfungo wa lazima ni 2 tu kwa mwaka, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Je, tulijaza sisi wenyewe pale Kanisa lilipotuachia nafasi? Ninawaona watu wakitafuna karanga mlangoni wakingoja kengele. Na Njia ya Msalaba siku ya Ijumaa huhudhuriwa na watu wanaotosha mabenchi manne.

Starehe si viti vya sofa peke yake. Starehe ni lile jambo usilotaka Mungu aliguse. Kwa mmoja ni chupa, kwa mwingine ni ugomvi wa mpaka wa shamba uliodumu miaka kumi, kwa mwingine ni bahasha inayopita chini ya meza kazini. Na hapo nawakumbusha ndugu yetu Floribert Bwana Chui, aliyezaliwa Goma, Kongo, mwaka 1981. Alikuwa kijana msomi wa sheria, mwanajumuiya wa Sant'Egidio, aliyewahudumia watoto wa mitaani. Alipata kazi nzuri ya serikali ya kukagua bidhaa mpakani. Waliokuwa na mchele ulioharibika walimtolea fedha aupitishe, akakataa, kwa kuwa ungeliwa na maskini. Julai 2007 alitekwa na kuuawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta huko Roma, Kanisa lilimtangaza Mwenyeheri.

Mara ngapi sisi tumeupitisha mchele mbovu? Tunasema kila mtu anafanya, tunasema nina watoto. Yeye naye alikuwa na maisha mbele yake. Mtu haamki asubuhi moja akawa Floribert. Kuna mambo madogo mengi aliyokwisha kujikatalia kabla ya lile kubwa. Anayeshindwa kujinyima karanga kwa saa 1, siku ya bahasha atajinyima nini?

Najua pingamizi lenu, nalo si la kipuuzi. Mtasema: Padre, maisha ya watu ni magumu tayari, nawe unataka wateseke zaidi? Hapana. Kwa mama anayeamka saa kumi alfajiri kuuza vitumbua ili alishe wajukuu, sina msalaba wa kumwongezea. Yeye anapaswa kunifundisha mimi. Kwake neno la Waebrania ni faraja kweli: taabu yako si dalili kwamba Mungu amekutupa. Ukali wa neno hili ni kwetu sisi tuliokwisha kukaa, mimi wa kwanza, tunaotaka mama yule atuhudumie na Mungu naye atuhudumie. Na mtambue kwamba faraja na starehe si kitu kimoja. Starehe hukuacha ulivyo. Faraja ya Mungu hukupa nguvu ya kusimama ulipoanguka; mwandishi wa Waebrania anapomaliza kusema juu ya malezi, anawataka wasomaji wake wanyoshe magoti yaliyolegea na waendelee na safari.

Basi naomba mambo matatu kwa juma hili. Ijumaa, kila aliye na afya ajinyime mlo mmoja, na thamani yake aipeleke kwa jirani mwenye uhitaji, bila tangazo. Kila mmoja amtafute mtu mmoja mcha Mungu amwombe amwambie ukweli mmoja juu yake, asikilize, asijibu mpaka siku tatu zipite. Na kila jumuiya ndogondogo iende kusali katika nyumba ile ambayo haijakanyagwa kwa muda mrefu. Kila jumuiya inaijua nyumba yake.

Kwa ndugu zangu watatu: chai bado ipo, na mlango uko wazi. Mkiniona nahubiri kwa hasira yangu badala ya upendo wa Kristo, nirudini. Mkiniona naanza kuwahubiria yale mnayopenda kusikia ili mabenchi yajae, nirudini kwa nguvu zaidi. Vijana wa Jumatano nao nitawatembelea, kuwauliza ni wapi sisi tulishindwa kuwalea.

Mwenyezi Mungu, Baba anayetulea, atujalie moyo wa wana, na Bikira Maria, aliyesimama chini ya Msalaba, atuombee.

Nawatakia Dominika njema.

Wenu katika Kristo,
Paroko